JKIA (uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi): njia MOJA ya kurukia tangu 1958, na bado tunauziwa miradi hewa!

Wadau, leo nimechoka kabisa. Kila serikali ikiingia tunaahidiwa uwanja mpya wa ndege, na kila ikitoka tunabaki na Embakasi ile ile (jina la zamani la JKIA).

Embakasi ilifunguliwa Mei 1958 na gavana wa mkoloni, Evelyn Baring. Waliochimba ile njia ya kurukia ni wafungwa wa Mau Mau (hili huwa halitajwi kwenye hotuba). Mwaka 1978 tukajengewa jengo la abiria ng'ambo ya njia hiyo hiyo, na Mzee Jomo Kenyatta alipofariki mwaka huo uwanja ukapewa jina lake. Jengo lilipangiwa abiria milioni 2.5 kwa mwaka. Siku hizi wanapita zaidi ya mara tatu ya hao.

Na njia? Moja! Aprili 2023 tairi la ndege ya mizigo lilipasuka, ikakwama pale, basi shughuli zote zikasimama na ndege zilizokuwa angani zikageuzwa. Tairi, jamani, linafunga mji mkuu mzima! Addis wana njia mbili. Sisi tunajiita kitovu cha Afrika Mashariki.

Msiniambie habari za Wilson, ule uwanja mdogo wa Nairobi. Ile imekuwepo tangu 1929, na imebanwa na mbuga huku, Langata Road na mitaa kule. Ni ya vindege vya Mara, Lamu na Lodwar. Jumbo itatua wapi?

Agosti 2013 moto ukateketeza sehemu ya kuwasili abiria wa kimataifa, wageni wakapokelewa kwenye mahema. Nikadhani sasa tumeamka. Desemba hiyo hiyo Rais Uhuru akaenda kuzindua Greenfield, jengo la abiria milioni 20 kwa mwaka. Picha zikapigwa, makofi yakapigwa, na 2016 kandarasi ikafutwa. Agosti 2023 stima ikapotea, jenereta nayo ikagoma, wasafiri wakawa wanatafuta mabegi yao kwa tochi za simu. Uwanja wa kimataifa huo!

Kisha 2024 wakatuletea Adani, kampuni ya India, ikabidhiwe uwanja kwa miaka 30, mambo yakiendeshwa chini ya meza, na Septemba wafanyakazi wakagoma. Novemba Rais Ruto akaufuta mpango. Mimi niliupinga na nitaupinga tena ukirudi kwa jina lingine. Lakini kufuta mpango mbovu hakujamwaga hata toroli moja la lami.

Kwa hivyo siasa za mrengo wenu wekeni kando. Najua humu kuna wahandisi na watu wa mnara wa kuongozea ndege. Semeni: njia ya pili itapita wapi, nani atailipia, na pesa za walipa ushuru zilizozama Greenfield nani amewahi kuzijibia? Anayekuja na "serikali iko mbioni" apite mbali na uzi huu.