Laptopu ya mtumba, tableti mpya au kompyuta ya mezani? Wazazi wa Nairobi nisaidieni

MamaWatatu_Donholm
Habari zenu wazazi. Zamu yangu ya chama imefika, nina 30,000 mkononi, na kabla hazijageuka unga na nauli nataka kompyuta ya nyumbani. Watoto ni watatu: wa Gredi ya 8, wa Gredi ya 4, na kitinda mimba wa miaka mitatu ambaye lolote lililo chini ya kiuno changu ni lake. Mimi mwenyewe hufanya hesabu za duka la mtu usiku kwa simu, macho yanaisha. Sebule yetu ndiyo chumba cha kulia, ndiyo ofisi.

Jumamosi nimezunguka mjini hadi viatu vikalalamika. Nimerudi na bei tatu: tableti mpya ya inchi 10 kwa 24,000, laptopu ya mtumba (hizi wanaziita ex-UK) kwa 26,000, na kompyuta ya mezani ya mtumba pamoja na skrini yake kwa 17,000. Baba yao anataka tableti, eti "ni simu kubwa tu, kila mtu anaijua". Hiyo sababu yake ndiyo inayonitia wasiwasi.

Fundi_wa_Mjini
Mama watatu, kabla ya kuuliza ipi, uliza ya kizazi gani. Windows 10 (mfumo unaoendesha kompyuta nyingi) Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka, kwa mashine za Intel, prosesa (ubongo wa mashine) ya kizazi cha 8 kwenda juu. Sasa ndiyo maana maduka yamejaa za kizazi cha 4 hadi cha 7 kwa bei tamu. Namba inasomeka hivi: i5-6300U ni ya 6, i5-8250U ni ya 8, tarakimu ya kwanza baada ya kistari. (Ukiona tarakimu mbili, kama i5-10210U, hiyo ni ya 10.) Muuzaji akisema "ni i5 mama, chukua", muulize i5 ipi. Akikasirika, duka la pili liko hatua tatu mbele.

Laptopu ya mtumba ugonjwa wake ni betri. Usiulize inashika saa ngapi, atakudanganya kwa upendo. Fungua lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ukurasa unaoonyesha betri ilitoka kiwandani na uwezo gani na leo imebaki na ngapi. Halafu SSD (diski ya kasi ya kuhifadhia kazi) si hiari, na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) iwe GB 8. Hiyo ya mezani ya 17,000 nahisi ni kizazi cha 4, nenda ukaangalie tena.

Mama_Umoja2
Tableti? Nimepita hiyo barabara na mashimo yake nayajua. Wiki mbili za kwanza ilikuwa hisabati na hadithi. Wiki ya tatu naamka usiku kwenda msalani, naona blanketi linawaka kama koroboi. Kijana wangu yuko ndani na katuni, sauti ameizima kabisa, anasoma midomo ya katuni!

Nikaweka Family Link ya Google, ile programu ya mzazi kudhibiti kifaa cha mtoto. Kusema haki inafanya kazi, saa mbili usiku ikifika tableti inajifunga. Tatizo lilikuwa mimi. Namba yangu ya siri ilikuwa ile ile ya M-Pesa, na mtoto alikuwa amenichungulia nikilipia nyanya. Alikuwa anajifungulia mwenyewe kwa simu yangu nikiwa naoga. Nilipobadilisha namba, tableti ikaanguka jikoni, kioo kikapasuka, fundi akataka 9,000. Iko juu ya kabati mpaka leo.

BabaPacha
Mimi ni wa kompyuta ya mezani na sioni aibu. Ina sifa moja ambayo hakuna muuzaji atakayekutajia: haiingii chini ya blanketi. Yangu iko sebuleni, skrini inatazama mlango wa jikoni. Nikikoroga ugali naona kila kitu.

Ubaya wake ni stima. Ikipotea, kazi imepotea, labda ununue UPS (betri ya akiba). Na tokeni utazihisi: ikila wati 100 kwa saa nne kila siku ni kama yuniti 12 kwa mwezi, laptopu ya wati 30 haifiki yuniti 4. Lakini kioo kikipasuka unanunua skrini nyingine ya mtumba, mashine inaendelea na maisha.

Mwalimu_Kasarani
Nafundisha Gredi ya 7 hadi 9, naomba niseme la darasani. Somo la Pre-Technical Studies lina mambo ya kompyuta ndani yake, na shuleni kwetu mtoto akigusa kibodi dakika kumi kwa wiki ni bahati. Anayetoka nyumba yenye kibodi namtambua kwa vidole tu. Wengine hutafuta herufi kama anayechambua mchele. Kwa hiyo huyo wako wa Gredi ya 8 tableti haitamfaa sana, hata ukiiongezea kibodi ya pembeni. Serikali nayo iliahidi laptopu kwa darasa la kwanza mwaka 2013, na zilipoanza kufika shuleni 2016 zikawa tableti. Watoto walizipenda. Kuchapa ni jambo lingine.

Wa Gredi ya 4 mtafutie Scratch, ile ya MIT. Ni bure, na ukiiweka kwenye mashine haili bando. Atapanga vipande vya rangi na paka atatembea, bila kujua kwamba anaandika programu. Huyo wa miaka mitatu mwacheni kidogo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja ya skrini kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

Na kwa faida ya wote: kwenye mtihani mtoto aandike kipakatalishi. Dukani mseme laptopu, la sivyo mtapelekwa duka la dawa.

Kijana_wa_Linux
Fundi anawatisha watu bure. Kizazi cha 4 ukiweka Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows) inakimbia na haikudai leseni. Chukua ile ya 17,000, uweke Mint na LibreOffice (programu ya bure ya kuandikia na kupigia hesabu), ubaki na 13,000 ya kununua SSD, UPS na kuku.

Fundi_wa_Mjini
@Kijana_wa_Linux sawa, na mwalimu akituma kazi ikafunguka imepinda, utatoka kwako Juja kwenda Donholm kumnyooshea? Mint ni nzuri, hata mimi ninayo. Lakini nyumba isiyo na mtu wa kuitunza mpe kitu ambacho jirani pia anakijua.

Shangazi_Roysambu
Nimesoma yote. Mnaongea kana kwamba mtakuwa nyumbani! Mtoto anatoka shule saa kumi. Wewe mama watatu, kwa ile foleni ya Jogoo Road, unafungua mlango saa moja na nusu. Hizo saa tatu na nusu ni za anti, msaidizi wa nyumbani. Kuna aliyemuuliza anti?

Nawapa yangu. Mwaka jana mpwa wangu alinisaidia kubadilisha DNS (kile kinachoelekeza kifaa kwenye tovuti) kwenye rauta ya Wi-Fi, tukaweka 1.1.1.3, ile ya kampuni ya Cloudflare inayozuia tovuti za watu wazima. Dakika kumi, bure, inashika kila kifaa cha nyumbani. Nikatembea kifua mbele. Mwezi ukaisha, anti ananiomba nimwongezee pesa ya bando. Bando gani, na Wi-Fi iko? Kumbe watoto walikuwa wakikwama wanamwomba hotspoti ya simu yake, na yeye aliona ni kosa la rauta, akawasaidia kwa roho safi kabisa. Hakuna aliyemwambia kwamba kukwama ndiko tulikokulipia jasho. Sikumgombeza. Nilijigombeza mimi.

Basi chochote ununuacho, keti na anti umwonyeshe inawashwaje, inazimwa saa ngapi, na nani anaruhusiwa kusema hapana. Mpe hiyo hapana mbele ya watoto.

BabaPacha
Shangazi umenimaliza. Ile skrini yangu inatazama jikoni, na jikoni saa hizo mimi siko.

Mama_Umoja2
Nauliza tu, kwa laptopu kuna kitu kama Family Link?

Fundi_wa_Mjini
Kipo, Microsoft Family Safety. Unampa mtoto akaunti yake, unapanga saa. Kuchuja tovuti kunafanya kazi ndani ya Edge, kivinjari cha Microsoft cha kufungulia tovuti, kwa hiyo vile vivinjari vingine viache vifungwe, usimhurumie. Na akaunti ya msimamizi iwe yako peke yako, namba isiwe ya M-Pesa 😂

MamaWatatu_Donholm
Nimerudi, ni wiki mbili sasa. Niliifuata ile ya 26,000, kumbe ni kizazi cha 6. Ya 8 walitaka 29,000. Nikaandika ile amri ya fundi mbele ya muuzaji: betri ilitoka kiwandani na uwezo wa mWh 50,000, imebaki 31,000. Akaniuliza, "Mama, kwani wewe hufanya kazi wapi?" Akashusha mpaka 27,500. Iliyobaki nikanunua kipanya na kile kitambaa cha kufunikia vumbi.

Nyumbani inashika saa moja na dakika arobaini bila chaja. Fundi utasema ni mbaya, mimi nimeona ndiyo kamba yenyewe. Chaja baba yao ameipitisha nyuma ya kabati la TV akaibana na vibano vya waya, haitoki. Mwenye kutaka kwenda nayo chumbani aende, itamrudisha.

Anti ndiye aliyeomba kufundishwa wa kwanza. Jana naingia saa mbili kasoro, nikamkuta anachapa barua kwa mamake, yote kwa herufi kubwa, na yule wa Gredi ya 4 amesimama nyuma ya kiti anamwambia, "Anti, bonyeza hiki, usipige kelele."