Mcheri wa maua mjini Malindi

Swali: Ndugu zangu, mwanangu aliniletea kutoka ughaibuni mche wa mcheri wa maua, ule unaopamba bustani za Japani. Huu ni mwaka wa pili hapa Malindi, haujatoa hata ua moja, na majani yake yameungua kingoni. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, mama. Vichipukizi vya mti huo havichanui vizuri mpaka vipitiwe na majuma kadhaa ya baridi kali, ambayo Malindi haipatikani hata usiku wa Julai. Hizo kingo zilizoungua huenda ni chumvi ya upepo wa bahari.

Jibu: Mama, panda mkrismasi, asili yake ni Madagaska, hupenda jua, na ukichanua huwa mwekundu mti mzima. Uweke mbali na nyumba, kwani mizizi yake hutambaa juujuu na kuinua sakafu.