Kikundi cha Ukoo: Mkataba wa Meli ya Uvuvi

Mama: Assalaam alaikum jamaa zangu. Kijana wangu ameletewa mkataba wa miaka miwili katika meli ya kigeni ya kuvua jodari, na wakala anataka sahihi yake wiki hii. Kwa kuwa baba yake hayupo wa kumshauri, nimeona niwaletee ninyi jambo hili. Wifi yangu, wewe umekaa Hull, huko Uingereza, miaka mingi, mji wa wavuvi wa bahari kuu. Naomba unieleze bila kunificha: meli hizi hurudi?

Shangazi (Hull): Waalaikum salaam wifi. Nyingi hurudi, lakini huku inakadiriwa kwamba wavuvi wapatao 6,000 wa bandari hii wamepotelea baharini. Katika mtaa wa Hessle Road, walikokuwa wakiishi wavuvi na jamaa zao, wazee hawajasahau miezi ya Januari na Februari 1968, ambapo meli tatu za mji huu zilizama kwa muda wa chini ya wiki nne na kuondoka na watu 58. Meli hizo ziliitwa St Romanus, Kingston Peridot na Ross Cleveland, na zote zilikuwa zimeelekea kaskazini, upande wa Iceland na Norway, kutafuta samaki wa baridi.

Shangazi (Hull): Inayonisumbua zaidi ni ile ya kwanza. St Romanus iliondoka tarehe 10 Januari ikiwa na watu 20 na bila mwendesha redio, na baada ya usiku ule wenye meli hawakupata neno lolote kutoka kwake. Hawakupiga mbiu mpaka tarehe 26, na chelezo chake cha kujiokolea kilikwishaokotwa baharini tangu tarehe 13. Hebu fikiri, wifi: wake za watu 20 walikuwa wakipika, wakipeleka watoto shule na kungoja mishahara, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa kwamba chombo kilikuwa kimenyamaza.

Mama: Subhanallah. Siku zote hizo?

Shangazi (Hull): Siku zote hizo. Na siku ileile msako wa St Romanus ulipoanza, Kingston Peridot ilizungumza na wenzake kwa mara ya mwisho ikiwa kaskazini mwa Iceland, ikiwaeleza kwamba ilikuwa imelemewa na barafu. Nayo ilikuwa na watu 20.

Mjomba Nahodha: Shemeji, niruhusu niwafafanulie jamaa ambao hawajaona bahari ya baridi. Upepo ukiwa mkali na hewa ikiwa chini ya kiwango cha kuganda, rasharasha ya mawimbi hugeuka barafu palepale inapoangukia, juu ya mlingoti, kwenye kamba, waya, reli na paa la chumba cha usukani, na kila wimbi linalokuja huongeza tabaka jingine. Ni sawa na jahazi lililopakiwa boriti zote juu ya sitaha huku ngama ikiwa tupu: likishalala ubavu halina nguvu ya kujiinua. Ndiyo maana mabaharia hutolewa nje usiku kucha na mashoka kuibanja barafu, wamechoka na vidole vimekufa ganzi, kwa sababu kazi hiyo ikisimama, chombo kinapinduka.

Shangazi (Hull): Ndivyo ilivyokuwa kwa Ross Cleveland, usiku wa tarehe 4 Februari. Ilikuwa imeingia katika ghuba ya Ísafjarðardjúp, kaskazini-magharibi mwa Iceland, kujificha na dhoruba pamoja na meli nyingine, na nahodha wake, Phil Gay, alisikika redioni akisema kwamba meli inalala, kisha akawatumia wake na jamaa salamu za upendo, zake na za mabaharia wake. Wenzake walikuwa karibu na walimsikia, lakini hakuna aliyeweza kumfikia.

Mpwa: Shikamoo Mjomba, shikamoo Shangazi. Nimeyasoma yote kwa heshima na masikitiko. Ila naomba mkumbuke kwamba meli yangu itavua Bahari ya Hindi, ambako barafu hakuna, na kwamba habari hizo ni za zaidi ya miaka 50 iliyopita. Siku hizi kila chombo kikubwa kinaonekana kwa setilaiti.

Mjomba Nahodha: Marahaba mwanangu. Mwezi Mei 2023, katikati ya Bahari hiyohiyo ya Hindi, meli ya uvuvi ya Kichina iitwayo Lu Peng Yuan Yu 028 ilipinduka ikiwa na watu 39: Wachina 17, Waindonesia 17 na Wafilipino 5. Ndege na meli za mataifa kadhaa zilitumwa kutafuta, chombo kikakutwa kimegeuka chini juu, na hakuna mtu aliyeopolewa akiwa hai. Setilaiti ilisaidia kuonyesha mahali. Mwaka mmoja kabla ya hapo meli ya Kihispania, Villa de Pitanxo, ilizama mbali na pwani ya Newfoundland nchini Kanada ikiwa na watu 24, na ingawa chombo chake cha ishara kilifanya kazi, waliookolewa ni watatu tu, mmoja wao akiwa Mghana. Sikuzuii kwenda, nami nimekula chumvi ya bahari tangu ujana. Ninachotaka ni ujue kwamba kifaa hutoa ishara, lakini lazima pawe na mtu nchi kavu aliyepewa kazi ya kushtuka.

Dada Mdogo: Bibi yuko hapa nami, ninamsomea ujumbe wenu. Anauliza kama katika zile meli tatu hakuna hata mmoja aliyepona.

Shangazi (Hull): Mwambie Bibi namwamkia. Alipona mmoja, Harry Eddom, msaidizi wa nahodha wa Ross Cleveland. Meli ilipolala alikuwa amevaa mavazi kamili ya kuzuia maji, kwa sababu alikuwa kazini nje. Waliingia watatu katika chelezo, lakini wenzake wawili walikuwa na nguo nyepesi, na baridi ikawaua. Chelezo kilipofika ufukweni alitembea hadi akapata nyumba isiyokuwa na watu, hakuweza kuingia, akasimama ameegemea ukuta usiku mzima akiogopa kulala, mpaka asubuhi akaonwa na kijana mchunga kondoo. Nyumbani walikuwa wamekwishaambiwa kwamba amekufa.

Dada Mdogo: Bibi anasema Alhamdulillah, na anauliza wanawake wa mji ule walifanya nini.

Shangazi (Hull): Hapo ndipo ninapowapendea watu wa mtaa huu. Walikuwa wanawake ambao siku ya mume kusafiri hawakuwa wakifua nguo, kwa kuogopa kwamba watamfulia mbali na maji yamchukue, na bandarini hawakuwa wakienda kumpungia mkono. Lakini mwezi ule walikwenda. Lillian Bilocca, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha samaki, aliongoza ukusanyaji wa sahihi 10,000, kisha akaenda gatini kukagua kama kila meli inayotoka ina mwendesha redio, na polisi wakalazimika kumzuia asirukie chombo. Baadaye yeye na wenzake walikwenda London kuwaona mawaziri, na masharti 88 ya usalama yakakubaliwa, likiwemo la kila meli kuwa na mwendesha redio na la kuwekwa meli mama yenye daktari na habari za hali ya hewa. Malipo yake yalikuwa kufukuzwa kazi na kuletewa barua za matusi na vitisho, nyingine kutoka kwa watu wa mji wake mwenyewe. Hilo mimi siwezi kuwasamehe, ingawa hayanihusu.

Mama: Basi mwanangu, umesikia. Mkataba wako unasema nini juu ya mambo haya?

Mpwa: Mama, nimeusoma tena usiku huu. Umeandika mshahara, chakula na adhabu ya kuvunja mkataba. Jina la meli halimo. Nimemwandikia wakala kumwuliza chombo hutoa taarifa kwa nani kila siku, na kama mabaharia hupewa mavazi ya kujiokolea. Amenijibu kuhusu mshahara peke yake, na akaongeza kwamba vijana wengine wanaingoja nafasi hiyo.

Mama: Na waichukue.

Mjomba Nahodha: Taratibu, dada. Mwanangu, mwandikie tena, kwa adabu, akupe jina la meli, namba yake ya usajili na bendera inayopeperusha. Akikupa, niletee Jumatatu asubuhi, nina jamaa bandarini wa kuniangalizia kama imekaguliwa na ni nani mwenyewe. Kabla ya hapo usitie sahihi, wala usimpe pasipoti yako.