Tupeane uzoefu: risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) mgahawani, makosa yanatokea wapi?

Sahani_Kumi
Wakuu, uzi huu ni wa wanaoshika kaunta na hesabu za migahawa. Ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya kila mwezi, mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na kila ikikaribia ndipo watu wanagundua kwamba jumla ya ripoti za Z (ripoti ya mashine ya kufunga mauzo ya siku) hailingani na pesa. Tuandike kosa linaingilia wapi na linazuiwaje.

Naanza na TIN (namba ya mlipakodi) ya mteja. Iulizwe kabla risiti haijatoka. Mteja wa ofisi akishapewa risiti isiyo na TIN na VRN (namba ya usajili wa VAT) ya kampuni yake, huwezi kuiongezea kitu, na kampuni yake inabaki bila risiti yenye taarifa zake. Mhudumu aulize anapopeleka bili mezani, asingoje mteja akiwa mlangoni.

Rolo_Nyeupe
Kweli kabisa. Na aandikiwe kwenye karatasi, tarakimu tisa kwa mdomo kwenye kelele za muziki hukosewa.

Daftari_la_Usiku
Balaa kubwa ni ripoti ya Z kwa migahawa inayofunga baada ya saa sita usiku. Chukulia tarehe 31 Machi. Mauzo yameanza saa nne asubuhi, mnafunga saa nane usiku, keshia anatoa Z ndipo anaondoka. Z hiyo imebeba tarehe 1 Aprili, lakini karibu mauzo yote yaliyomo ni ya Machi. Anayejaza ritani kwa kujumlisha Z zenye tarehe za Machi anaacha siku nzima nje. Tena siku yenyewe ni mwisho wa mwezi, watu wana mishahara mfukoni! Na Z ya tarehe 1 Machi nayo imebeba mauzo ya Februari, kwa hiyo makosa mawili yanafunikana na mtu anadhani hesabu imekaa sawa.

Dawa: usiku wa mwisho wa mwezi toa Z ikikaribia saa sita, kama saa 5:55, kisha endeleeni kuuza. Siku nyingine toeni mnapofunga, lakini isikose kila siku. Kwenye daftari andikeni namba ya Z, tarehe, saa, na risiti ya kwanza na ya mwisho. Namba za Z zinafuatana, hivyo iliyoruka inaonekana hapo hapo.

Mizani18
@Daftari_la_Usiku na risiti za hizo dakika tano kabla ya saa sita? Zitaangukia Z ya Aprili. Umehamisha tatizo tu.

Daftari_la_Usiku
@Mizani18 Kila risiti ina tarehe na saa yake. Hizo tatu au nne unaziorodhesha pembeni na kuzirudisha Machi. Kuorodhesha risiti nne si sawa na kuchambua za siku nzima.

Mizani18
Hapo sawa. Nami niseme la bei. Bei ya kwenye menyu tayari ina VAT ndani yake. Kwa kiwango cha 18%, sahani ya 10,000 ina kodi ya 10,000 × 18 ÷ 118, yaani 1,525.42. Wengi wanapiga 18% ya 10,000 na kupata 1,800. Hiyo 274.58 ya ziada kwa kila sahani inatoka kwenye faida.

Kijiko_cha_Mbao
Mkuu, 18% ni 18%. 1,800 ndiyo sahihi.

Mizani18
Ni 18% ya bei kabla ya kodi, ndugu. Kabla ya kodi ni 8,474.58. Ipige 18% kisha jumlisha, unarudi 10,000. Jaribu kwa 1,800: 10,000 toa 1,800 ni 8,200, na 18% yake ni 1,476. Hairudi.

Kijiko_cha_Mbao
Nimepiga kwa kikokotoo, uko sahihi.

Kaunta_Mbili
Ngoja niweke lile linaloua migahawa kimyakimya: mauzo kuhesabiwa mara mbili. Linatokea mgahawa unapofunga mfumo mpya wa oda uliounganishwa na VFD (programu inayotoa risiti za kodi bila mashine ya EFD) huku mashine ya zamani ya EFD ikiwa bado kaunta. Mhudumu anafunga meza kwenye mfumo, risiti inatoka na taarifa inakwenda TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania). Bili inafika kwa keshia, naye kwa mazoea anabonyeza EFD. Meza ya 59,000 yenye VAT ya 9,000 sasa inasomeka 118,000 yenye VAT ya 18,000. Meza thelathini kama hizo kwa siku ni VAT ya 270,000 ambayo hakuna mteja aliyeilipa.

Dalili yake ni hii. Shika risiti za EFD za jioni moja. Utaona mstari mmoja tu, "CHAKULA", na jumla inayofanana hadi shilingi ya mwisho na risiti ya VFD iliyotoka dakika mbili au tatu kabla. Risiti ya mfumo yenyewe inataja kila sahani na kila soda. Mkiona jozi za namna hiyo, simamisheni siku hiyo hiyo. Zibaneni risiti mbili mbili, tengenezeni jedwali la namba za risiti, saa na kiasi, muandike barua ofisi ya TRA mnakohudumiwa na kuambatisha nakala. Msipunguze wenyewe kwenye ritani bila maelezo, kwa sababu mfumo wao unaona jumla ya vyote viwili.

Sahani_Kumi
Hii ingestahili uzi wake. Kumbe ndiyo maana Z inazidi pesa kila siku.

Rolo_Nyeupe
Dawa rahisi, zimeni EFD mkaifungie kabatini.

Daftari_la_Usiku
Hapana jamani. Mashine iliyosajiliwa ikinyamaza bila taarifa inaleta maswali. Ombeni ifungwe rasmi.

Kaunta_Mbili
Na kabla ya kuifunga, itoleeni Z ya mwisho muitunze.

Pilipili_Manga
Mmesahau manunuzi. Mboga, matunda na samaki wabichi havina VAT, kwa hiyo jikoni hakuna cha kudai hapo, lakini sahani ikitoka inatozwa VAT. Cha kudai kiko kwenye soda, bia na umeme, na risiti hizo lazima ziwe na TIN na VRN ya mgahawa. Zipigeni picha siku hiyo hiyo. Karatasi ya EFD huandikwa kwa joto, ukiibandika karibu na jiko inakuwa nyeusi tii, na kumbukumbu zinatakiwa zitunzwe miaka mitano.

Mizani18
Naongeza malipo ya awali ya sherehe. Mteja akitanguliza 500,000 kati ya 1,500,000, risiti ya 500,000 inatoka siku hiyo. Siku ya sherehe toeni ya 1,000,000 iliyobaki, si ya 1,500,000.

Kijiko_cha_Mbao
Oda za bodaboda je? Mteja kalipa 20,000, kampuni ya kupeleka inakata 4,000.

Mizani18
Risiti ni ya 20,000, maana ndicho chakula mlichomuuzia mteja. Ile 4,000 ni gharama yenu, nao wawape risiti yake.

Rolo_Nyeupe
Na karatasi ikiishia katikati ya risiti?

Kaunta_Mbili
Weka rolo mpya, toa nakala ya risiti ile ile. Usibonyeze mauzo upya, yatahesabika mara mbili.