DAC ya bei nafuu kwa amplifaya ya zamani: ninunue ipi, na je, itaondoa mvumo?

Mwana wa Ngamiani, Tanga

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Nimerithi kwa marehemu baba amplifaya ya stereo ya miaka ya 1980, iliyoingia nchini kama mtumba kutoka Uingereza, pamoja na spika zake mbili za mbao zenye woofa za inchi 8. Fundi wa hapa mtaani ameshabadilisha kapasita zilizovimba na kusafisha vitufe vya sauti vilivyokuwa vikikwaruza, kwa hiyo mashine ni nzima. Nimeiunganisha na kompyuta mpakato kupitia tundu la hedifoni, kwa ule waya wenye pini moja upande huu na vichwa viwili, chekundu na cheupe, upande wa pili. Muziki wangu mwingi ni mafaili ya FLAC (sauti iliyobanwa bila kupoteza kitu) niliyoyatoa kwenye CD, pamoja na taarabu ya zamani niliyoihamisha mwenyewe kutoka kaseti za mama. King'amuzi cha televisheni nacho kimechomekwa kwenye amplifaya hiyo hiyo, ili siku za mpira tusikie sauti ya kueleweka.

Tatizo ni kwamba chini ya muziki kuna mvumo mzito usiokoma, na juu yake mlio mwembamba kama wa nyenje, ambao hubadilika kila ninaposogeza kipanya. Nimesoma kwamba dawa yake ni DAC ya nje, yaani kile kigeuzi kinachopokea sauti ya dijitali na kuitoa kama umeme wa analogi ambao amplifaya inaweza kuukuza. Nilipopita Kariakoo mwezi uliopita, muuzaji mmoja aliniambia nichukue yenye biti 32 na kilohezi 768, akisisitiza kwamba chini ya hapo nitakuwa najidanganya. Bei yake ni zaidi ya mara mbili ya shilingi 200,000 nilizotenga. Je, namba hizo zina maana yoyote kwa msikilizaji wa sebuleni kama mimi? Na je, mvumo utaondoka kweli?

Fundi Mstaafu, Morogoro

Mwanangu, nianze na hizo namba, kwa kuwa ndizo zinazokutisha bila sababu. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, iliwekewa vipimo 44,100 kwa sekunde (yaani kilohezi 44.1) kwa kila upande, na kila kipimo kina biti 16. Vipimo hivyo 44,100 vinatosha kubeba masafa mpaka hezi 22,050, ilhali sikio la kijana mwenye afya hukomea karibu hezi 20,000. Langu mimi, baada ya miaka mingi ya kuinamia spika za wateja, limeshakomea chini zaidi. Biti 16 nazo zinatoa nafasi ya takriban desibeli 96 kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini. Kaseti za mama yako, kama hazikurekodiwa kwa mfumo wa kupunguza kelele, hazifiki hata desibeli 60. Ukizipitisha kwenye kilohezi 768 utapata mkwaruzo ule ule wa kanda, ila umechorwa kwa kalamu nyembamba zaidi.

Sasa nije kwenye mvumo, ambalo ndilo swali lako la kweli. Kompyuta yako tayari ina DAC ndani yake, vinginevyo usingesikia chochote. Udhaifu wake ni kwamba imekaa karibu na prosesa na saketi za umeme zenye vurugu, na hiyo ni sababu mojawapo inayowezekana ya mlio unaofuata kipanya. Mvumo mzito, hata hivyo, mara nyingi hautoki kwenye DAC hata kidogo. Hutokea pale vyombo viwili vinapokuwa na njia mbili tofauti za kufika ardhini, kisha umeme mdogo ukazunguka kati yao kupitia ule wavu wa nje wa waya wa RCA (ndio huo wako wenye vichwa chekundu na cheupe), na amplifaya ikaukuza pamoja na muziki. Uchafu wa kompyuta nao hupenda kusafiri kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo, kabla hujatoa hata shilingi, fanya majaribio mawili. La kwanza, chomoa chaja ya kompyuta na usikilize kwa betri peke yake. La pili, rudisha chaja, kisha chomoa waya wa king'amuzi kwenye amplifaya. Tuletee majibu ya yote mawili, kwa kuwa usipojua mvumo unapita wapi, unaweza kununua DAC ya USB ukaukuta umekusubiri pale pale: waya wa USB nao una ethi, yaani njia ya kwenda ardhini, ndani yake.

Msikilizaji wa Nairobi

Kaka, pamoja na ushauri mzuri wa mzee, naomba niongeze habari ya bei, maana mimi nimepita njia hiyo nikiwa na haraka na nikalipia haraka yangu. Nilinunua kwanza kisanduku cha bei ya juu kutoka duka moja la Luthuli Avenue, na miezi michache baadaye nikapata ile adapta fupi ya Apple ya kutoka USB-C kwenda tundu la hedifoni, ambayo bei yake rasmi Marekani ni dola 9. Ndani ya kile kipande cha plastiki mna DAC kamili inayofika biti 24 na kilohezi 48, na vipimo vyake vya kelele na upotoshaji ni vizuri kiasi kwamba vimewaaibisha wauzaji wengi wa vitu vizito.

Nilitaka kujua kama masikio yangu yanaona tofauti, nikamwomba mume wangu abadilishe vyombo huku nimempa mgongo. Jambo gumu lilikuwa kusawazisha ukubwa wa sauti, kwa sababu sikio hukipenda kile chenye sauti kubwa zaidi na kukiita bora, hata kama tofauti ni ndogo mno kuitambua kama ukubwa. Tulicheza toni moja ya hezi 200, tukapima volti kwenye waya wa RCA kwa mita ya kawaida ya fundi, tukapunguza kisanduku mpaka mita ikasoma sawasawa. Kwa majaribio 20 nilipatia 11, yaani ningeweza kurusha sarafu tu. Kisanduku kile nimekiuza, na fedha nikaziongeza kwenye spika, ambako tofauti ilisikika mpaka jikoni.

Tahadhari mbili kuhusu adapta hiyo. Kuna toleo la Marekani linalotoa takriban volti 1, na toleo la Ulaya linalotoa karibu nusu yake. Pia, ukiichomeka kwenye simu nyingi za Android, sauti hubaki ndogo isipokuwa utumie programu inayoiamrisha moja kwa moja. Kwenye kompyuta hakuna shida hiyo.

Mzanzibari wa Maskati

Nimesoma kwa makini, na kwa heshima zote nina hitilafu kidogo na dada yangu wa Nairobi. Sikatai kwamba adapta ya dola 9 inatoa sauti safi. Ninachokataa ni kuifanya kuwa jibu la kila mtu. Chombo cha sebuleni kinatoa volti 2, ambacho ndicho kiwango cha mashine za CD, kina sehemu madhubuti za kuchomekea waya wa RCA, na kina miingilio ya aina mbalimbali, ukiwemo ule wa nyuzi za mwanga ambao televisheni nyingi zinao. Adapta inaning'inia kwenye kompyuta, na mtoto akipita mbio imekatika shingo.

Kuhusu chipu, vile vipande vinavyofanya ugeuzaji ndani ya DAC, ambavyo wauzaji huvitaja kama majina ya mitume, visikutishe. Kiwanda cha Asahi Kasei kule Nobeoka, Japani, kiliungua Oktoba 2020, na chipu zake ziitwazo AKM zikaadimika duniani kiasi kwamba watengenezaji kadhaa wa DAC walihamia zile za ESS za Marekani. Visanduku viliendelea kupimwa vizuri kama awali. Kwa hiyo usinunue jina la chipu. Nunua miingilio unayoihitaji. Kwa bajeti ya kaka yetu ningetazama SMSL SU-1, ambayo hupokea USB, nyuzi za mwanga na koaksia (waya wa shaba wa sauti ya dijitali), na bei yake huko nje ilikuwa karibu dola 80 kabla ya usafiri na ushuru.

Fundi Mstaafu, Morogoro

Hoja ya miingilio naikubali kabisa. Hoja ya volti 2 siikubali kwa kisa hiki, kwa kuwa amplifaya nyingi za miaka ile hufikia nguvu yake yote kwa milivolti 150 au 200 tu kwenye mlango wa CD au AUX. Hata nusu volti inatosha kuwaamsha majirani. Volti 2 humaanisha tu kwamba kitufe cha sauti kitakaa saa tatu badala ya saa tano.

Mwana wa Ngamiani, Tanga

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Majibu ni haya. Nilipochomoa chaja, mvumo na nyenje viliondoka papo hapo, hata nikadhani nimezima amplifaya. Kilichobaki ni mchakacho mdogo unaosikika ukiweka sikio kwenye spika. Nilipoirudisha chaja vikarudi. Kisha nikachomoa waya wa king'amuzi huku chaja ikiwa bado imechomekwa, navyo vikaondoka tena. Yaani kila kimoja kikiwa peke yake kinanyamaza, vikikutana vinaanza kelele. Televisheni nimeikagua nyuma: ina kile kitundu cha mraba chenye kifuniko kinachotoa mwanga mwekundu. Kompyuta haina kitundu hicho, lakini ina HDMI.

Fundi Mstaafu, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Hapo umeshamkamata mwizi mkononi. Chaja yako ina pini ya ethi, na king'amuzi kimefungwa kwenye dishi la juu ya paa, ambalo lina njia yake ya kwenda ardhini kupitia nguzo. Amplifaya iko katikati, ikiunganisha ethi mbili zisizolingana, na mzunguko umekamilika. Usithubutu kukata pini ya ethi ya chaja kama wanavyofanya wengine. Ile pini ipo kwa ajili ya uhai wako.

Dawa ni kuikata njia ya umeme upande wa televisheni, na uzi wa mwanga hufanya kazi hiyo bila hila yoyote, kwa kuwa ni plastiki tupu inayopitisha mwanga na haipitishi umeme hata chembe. King'amuzi kibaki kwenye televisheni kwa HDMI, uzi wa mwanga utoke televisheni kwenda kwenye DAC, na DAC iingie kwenye amplifaya kwa RCA. Ule waya wa zamani wa king'amuzi kwenda kwenye amplifaya uondoe kabisa.

Una njia mbili za kuikamilisha kompyuta. Ukinunua chombo chenye USB na mwanga pamoja, kama alichokitaja ndugu wa Maskati, kompyuta itaingia kwa USB na televisheni kwa mwanga, nawe utachagua kwa kitufe. Ukitaka kubana matumizi, kuna FiiO D03K, ambayo bei yake huko nje ni chini ya nusu ya hiyo nyingine, lakini inapokea mwanga na koaksia tu, haina USB. Hapo kompyuta utaichomeka kwenye televisheni kwa HDMI, na kila kitu kitapita uzi mmoja. Kasoro yake ni kwamba televisheni lazima iwake hata unaposikiliza taarabu usiku wa manane, na kwa bei ya umeme hilo si jambo la kupuuza.

Kwa njia yoyote, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni na uchague PCM, yaani sauti ya dijitali isiyobanwa. Ukiiacha itoe Dolby, yaani sauti iliyobanwa kwa mfumo mwingine, DAC za namna hii hazitaielewa, na utaambulia ukimya au mngurumo wa kutisha. Waya wa RCA uchomeke CD au AUX. Mlango ulioandikwa PHONO ni wa sahani za santuri tu, hukuza mara nyingi zaidi na kuvuruga mizani ya besi na sauti za juu. Kama chombo kinahitaji umeme wake, kipe kutoka chaja ya simu ambayo pini yake ya ethi ni ya plastiki, si kutoka kwenye USB ya televisheni, la sivyo utakuwa umeirudisha kwa mlango wa nyuma ile ethi uliyoifukuza.

Msikilizaji wa Nairobi

Nimerudi kukiri kwamba adapta yangu isingemsaidia kaka katika hili, isipokuwa akubali kusikiliza kwa betri siku zote. Mimi sina dishi, nina antena ya ndani, ndiyo maana sikuwahi kuufikiria mzunguko huo.

Mwana wa Ngamiani, Tanga

Wakuu, nimechukua D03K kupitia rafiki aliyekuwa anarudi kutoka Dubai, na kwenye zile 200,000 imebaki chenji ya kutosha kubadilisha waya wa spika uliochakaa. Siku ya kwanza sikupata sauti yoyote, nikaanza kumlaumu rafiki, kumbe televisheni ilikuwa bado kwenye Dolby kama mzee alivyoonya. Nilipoigeuza kuwa PCM, kompyuta, king'amuzi na chaja vyote vikiwa vimechomekwa, spika zilikuwa kimya.

Nilicheza kaseti moja ya mama. Sasa nausikia mkwaruzo wa kanda ukianza kabla ya udi, kisha mtu anakohoa mbali na maikrofoni, jambo ambalo miaka yote lilikuwa limezama kwenye mvumo. Mama anasema anamjua aliyekohoa.