Alikuja na marafiki wawili, nikalipa za watu wawili nikaondoka. Nilikosea?

Mpole wa Roysambu
Wazee na akina dada, nisaidieni, maana hili jambo limeninyima usingizi. Huyu dada nimembembeleza tangu Januari. Ijumaa iliyopita akakubali nimtoe kwa chakula cha jioni. Nikaagiza meza ya watu wawili katika hoteli moja ya Westlands, karibu na dirisha, na nilikuwa nimeweka elfu sita kando kwa ajili ya usiku huo tu. Akaingia na marafiki wawili, na hakuwa amenidokezea. "Hawa ni dada zangu, wametaka kukuona." Nikaongeza viti. Supu yetu hata haijapoa, wao wameshaagiza samaki mzima wa 2,200, mbavu za 1,950, mabawa ya kuku ya 1,500 na kokteili nne za 950 kila moja. Bili ikaja 13,750. Nikamwita mhudumu, nikamwomba anitolee zetu mbili. Zikawa 4,300, nikalipa kwa M-Pesa hapo hapo mbele ya wote, nikawatakia usiku mwema nikaondoka. Sasa ananiambia nimemwaibisha. Je, nilikosea?

Bahati ya Pangani
Hukukosea hata kidogo. Mgeni mwalikwa halafu anaalika wenzake? Ulikuwa muungwana kulipa hata sahani yake.

Mama Wawili
Nyinyi wanaume hamjui kwa nini msichana huenda na wenzake. Huyu mtu amekutana naye mara ngapi ana kwa ana? Katika huu mji tumezika wasichana waliokwenda "kutolewa" peke yao. Mimi binti yangu nimemwambia wazi: mara ya kwanza usiende peke yako.

Bahati ya Pangani
Mama, kwa heshima, usalama haunywi kokteili nne. Angeleta rafiki mmoja, akae meza ya pili na soda yake.

Mama Wawili
Usinifundishe kulea. Nimelea wawili peke yangu hapa Nairobi na hakuna aliyenisaidia hata na ya unga. Nikisema usalama namaanisha usalama.

Dereva wa Ngong Road
Nauliza swali dogo. Mpole, zile 9,450 zilizobaki zililipwa na nani?

Mpole wa Roysambu
Sijui, ndugu. Nasikia waliondoka bila kumaliza bili. Hayo ni ya hoteli. Mhudumu atajijua, ndiyo kazi yake.

Kangemi Juu
Mimi nimekuwa nikisoma kimya, lakini hilo neno "atajijua" limenichoma. Mimi ndiye huyo wa kujijua. Nimehudumu mezani miaka sita, hoteli tatu tofauti. Acha nikueleze mtu anavyojijua. Saa tano na nusu usiku meneja anachapa bili zote ambazo hazijafungwa. Anaita jina lako, unasaini nyuma ya karatasi, na hiyo inaitwa shoti. Mwisho wa mwezi inatoka kwako. Mwaka jana nilikatwa 6,800 kwa ajili ya watu wanne waliotoka mmoja mmoja "kupokea simu". Mwezi huo nilitembea kutoka Westlands hadi Kangemi usiku mara kumi na moja, nikiwa nimebeba viatu vya kazi kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu vinaumiza.

Bahati ya Pangani
Pole dada, lakini nanyi mna vyenu. Mnapokea servisi chaji, mnapokea chai ya wateja, na wengine mnawaongezea watu soda ambazo hawakunywa. Nimeona kwa macho yangu.

Kangemi Juu
Uliniona mimi? Sema uliniona mimi. Miaka sita sijaongeza hata maji ya chupa kwenye bili ya mtu. Na hiyo servisi chaji, ukiiona kwenye risiti usidhani imenifikia. Mahali ninapofanya kazi sasa sijawahi kuigusa. Risiti ina VAT asilimia 16, ina tozo ya utalii asilimia 2, na mimi sina hata mstari mmoja. Kama unataka mhudumu apate, mpe mkononi.

Mwanasheria wa Mtaani
Huo ukataji ni haramu. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mshahara haukatwi zaidi ya theluthi moja.

Dereva wa Ngong Road
Si theluthi moja. Ni theluthi mbili, kifungu cha 19. Nilikisoma mwenyewe mwajiri wangu wa zamani aliponikata pesa za kioo cha pembeni cha gari. Makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara.

Mwanasheria wa Mtaani
Sawa, umenisahihisha. Lakini kifungu hicho hicho kinataka hasara ya mali iwe imetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi, au upungufu wa pesa alizokabidhiwa uwe umetokana na uzembe au udanganyifu wake. Mteja akikimbia, mhudumu amefanya kosa gani? Dada, nenda ofisi ya leba.

Kangemi Juu
Niende na nini? Tunasaini kitabu cha zamu tu, hatuna barua. Tunaitwa vibarua.

Mwanasheria wa Mtaani
Miaka sita si kibarua. Kifungu cha 37: ukifanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi, sheria inakuhesabu kama mfanyakazi wa mwezi. Piga picha hicho kitabu, kila ukurasa wenye jina lako.

Mama Wawili
Tumetoka wapi na tumefika wapi? Swali lilikuwa la yule kijana.

Dereva wa Ngong Road
Kijana alipata jibu lake zamani. Hili ndilo la maana.

Mama Wawili
La maana kwako. Mimi bado nasema msichana hakukosea kuja na wenzake. Alikosea kutomwambia. Na wale wawili walikosea kuinuka mezani na kumwacha mtoto wa watu na deni. Hata mimi nimeosha vyombo hotelini, River Road, mwaka 1998. Najua kilio cha mwisho wa mwezi.

Mpole wa Roysambu
Dada wa Kangemi, naomba radhi kwa lile neno. Nililiandika kwa hasira za yule dada niliyemtoa. Mhudumu wetu alikuwa msichana mwembamba, mkononi bangili ya shanga nyekundu na nyeusi. Nilipomwambia anitolee bili ya sisi wawili, aliniangalia akataka kusema kitu, kisha akanyamaza. Sasa ndiyo naelewa. Nikituma pesa kwa ile nambari ya hoteli, zitamfikia?

Kangemi Juu
Usitume kwa nambari ya hoteli, zitakuwa za hoteli. Nenda mwenyewe, mchana, kabla ya saa kumi, maana saa kumi zamu hubadilika. Usimwulize meneja. Mwulize askari wa mlangoni nani alikuwa na meza za dirishani Ijumaa usiku. Mwambie mhudumu akuonyeshe ile karatasi aliyosaini, ulipe mbele ya mtu wa kaunta, na ahakikishe wameichana.

Bahati ya Pangani
Yote 9,450 alipe yeye? Huyo dada na wenzake nao watafutwe. Samaki alikula nani?