Wanoaji nisaidieni: ncha ya kisu imegeuka buluu na Ijumaa kinatakiwa

KIPARA CHA MKONO (mleta mada):
Wakuu kwema? Mie kwenye kunoa bado mgeni, mwaka mmoja hivi. Tuko watatu hapa Ngamiani, kila Jumamosi baada ya alasiri tunakaa barazani na visu vyetu vya kukunja. Mmoja ana Opinel ya Kifaransa, ile ya pete ya kuzungusha, mwingine Victorinox nyekundu, mie Okapi. Tunanoa, tunachana gazeti, tunajaribu makali kwenye malaika ya mikono. Jina langu limetokea huko.

Wiki iliyopita nikaingiwa na uvivu. Badala ya kukaa na jiwe, nikakipeleka kisu kwa fundi wa kuchomelea mwenye grinda. Cheche tatu nne, kazi kwisha. Kufika nyumbani naona ncha, kama sentimita moja, imekuwa buluu kama mafuta ya taa juu ya maji. Nikikata kamba ya mkonge makali yanalala. Kuna namna ya kurudisha rangi na ugumu kabla ya Ijumaa? Naomba tusitoke nje ya mada.

WAJALEO:
Kipeleke Muheza kikamenye machungwa. Kule hakuna mteja anayeuliza rangi ya kisu.

BI KASHATA:
Bibi yangu Pangani alinoa kwa kitako cha kikombe, ile duara ya chini isiyopakwa rangi. Kisu chake kimoja alikinoa hadi kikawa chembamba kama ukuti. Alipofariki, ndugu hawakugombea minazi, waligombea kisu kile. Sijui kwa nini nasimulia haya, pole mdogo wangu.

MZEE WA RASKAZONE:
Kijana, rangi si tatizo, rangi ni ushahidi. Chuma cha kisu kikipata moto kinaanza manjano ya majani makavu, kikifika kama nyuzi 300 kinageuka buluu, na hapo kimelainika. Hakuna dawa ya kupaka. Ondoa sehemu iliyoungua taratibu kwa jiwe lenye maji, ncha irudi nyuma kidogo, huko ndani chuma ni kizima.

Jiwe namba 400 kwanza, halafu 1000. Huna, bandika msasa wa maji juu ya kioo. Bapa ikiwa pana sentimita 2, mgongo unyanyuke unene wa penseli, hapo uko kwenye nyuzi 20. Suguza upande mmoja mpaka kidole kisikie kiukingo kinakwaruza upande wa pili, ndipo ugeuze. Malizia kwa mkanda wa ngozi, ukivuta kwa kurudi nyuma, la sivyo utaukata mkanda.

Nami nina swali. Kinatakiwa na nani?

KIPARA CHA MKONO:
Shikamoo mzee, ahsante sana. Hiyo ya ncha kurudi nyuma haitafaa, lazima urefu ubaki uleule. Kuna shughuli tu ya kifamilia.

MLINZI WA ZAMU:
Vijana wazima mnakaa barazani na visu kutwa, mkikamatwa mseme mnaonewa. Zamani zetu kijana wa Tanga alikuwa na mpira na daftari.

WAJALEO:
Zamani zenu hata penseli mlichongea wembe, mzee. Tulia.

BI KASHATA:
Urefu ubaki uleule kwa sababu kuna mtu anaujua. Mdogo wangu, hicho kisu si chako.

KIPARA CHA MKONO:
Haya. Ni cha baba mkubwa. Kwa asili ni cha babu, marehemu, alikuwa mkata mkonge, amefariki 1979. Ba'mkubwa amekihifadhi kwenye sanduku, na kila mwaka siku ya hitima ya babu anakitoa, anakata nacho kipande cha kwanza cha halua mbele ya wajukuu na kusema "hiki ndicho kilichotusomesha". Yeye alikuwa safari Pemba, funguo kaniachia mie. Sikukiiba. Nilitaka akute kimenolewa, afurahi.

Na kabla hamjaanza, suluhisho ninalo. Nimeshanunua Okapi mpya, saizi ileile, mpini wa mbao wenye mwezi na nyota vilevile. Tangu jana bapa limo kwenye siki na majani ya chai, limeshaingia ukijivu. Mpini nimeusugua msasa na mafuta ya nazi. Mzee ana mtoto wa jicho, hataona. Kisu ni kisu, kinachoenziwa ni babu. Mie nataka tu kujua siki niiache saa ngapi.

BI KASHATA:
Mwambie ukweli. Atakasirika Alhamisi, Ijumaa mtakula halua.

WAJALEO:
Usimwambie! Ukweli mwingine ni wa kumwua mzee bure.

MZEE WA RASKAZONE:
Siki imetosha, utakitoboa. Ila umefikiria macho, umesahau masikio. Okapi ukiifungua inalia meno, krr, krr, krr, halafu unavuta pete ndipo ifunge. Iliyofunguliwa miaka arobaini meno yameliwa, sauti yake nyingine, na spiringi imelegea. Mwenye mtoto wa jicho anafungua kisu kwa kusikiliza. Siki haisaidii hapo.

KIPARA CHA MKONO:
Nitakifungua na kukifunga mara mia tano leo usiku.

KAA LA MOTO:
Nimesoma uzi wote na kahawa imepoa. Hii ni chai. Funguo kaachiwa, mzee kipofu nusu, hitima Ijumaa, halua. Bado ngoma ya kuingilia tu. Uzi bila picha sinunui. Bapa la hicho cha babu limeandikwa nini?

KIPARA CHA MKONO:
Picha siweki, mtaa huu mdogo. Limefifia lakini linasomeka. Kuna mnyama, kuna Okapi, chini South Africa.

KAA LA MOTO:
Nilijua! Sikilizeni. Okapi zilianza 1902, zikitengenezwa Solingen, Ujerumani, kwa ajili ya makoloni yao Afrika, na huku kwetu ndiko kulikuwa kwao. Afrika Kusini walichukua utengenezaji 1988. Babu yako kafariki 1979. Alitoka kaburini kwenda dukani? Ukipika chai, pima maji kwanza.

WAJALEO:
Hahaha babu karudi kuchukua chenji.

MLINZI WA ZAMU:
Mnatupotezea muda, na nilishamwombea kijana dua.

KIPARA CHA MKONO:
Wallahi sijatunga. Mwaka wa babu uko kwenye kaburi, nimeusoma mwenyewe. Na kisu ninacho mkononi.

MZEE WA RASKAZONE:
Acheni kumtukana mtoto. Kaburi linaweza kusema kweli na kisu nacho kikasema kweli. Kijana, ba'mkubwa wako ana dada?

BI KASHATA:
Eh! Mzee wewe.

KIPARA CHA MKONO:
Samahanini kwa kimya. Nimetoka kwa shangazi Chumbageni. Nilimwuliza tu kama kisu cha babu kiliwahi kupotea. Akacheka mpaka akajifunika uso kwa kanga. Akasema mwaka 1993 kaka yake alikwenda kuvua Sahare akarudi bila samaki na bila kisu, akakaa siku mbili hali. Akaniambia nisimwulize zaidi, alimwapia. Kisha akanipa chapati nimpelekee mke wangu.

Nimekirudisha kile cha buluu sandukuni, na ncha yake ilivyo. Kipya nitakuwa nacho mfukoni. Sijui Ijumaa nitasema nini, ama nitakaa kimya tu nile halua.

MZEE WA RASKAZONE:
Kipake mafuta kabla hujafunga sanduku. Hewa ya pwani haingoji Ijumaa.

KAA LA MOTO:
Bado nasema chai. Ila ina hiliki, kikombe nimemaliza.